Jani Lililobaki Mfukoni

Zahanati ya Saetgol,
Mkoa wa Gangwon,
Korea.
Alhamisi, 12 Mei 1994.

Mpendwa Mama Mdogo Jeong-im,

Salamu hizi zikukute huko Ujerumani umekaa vizuri, mguu umeunyoosha, na chai iko karibu. Goti linaendeleaje? Mama aliniambia kwa simu kwamba ulifanyiwa upasuaji mwezi wa tatu, na siku ya nne tu ukaanza kuwaelekeza manesi wa wodi jinsi ya kutandika kitanda. Nilicheka sana. Nawaonea huruma wale manesi. Baba Mdogo Helmut hajambo? Na Jutta, bado anataka kuwa rubani au ameshabadili?

Mama huko Wonju hajambo, isipokuwa mgongo wake ule ule. Anasema barua zako zinakuja fupi siku hizi, nami nimeahidi kukugombeza. Mimi mwilini ni mzima. Chakula kinapita, usingizi ndio unanikimbia.

Nina hofu, Mama Mdogo. Nina hofu ambayo sijapata kuwa nayo tangu nilipovaa sare kwa mara ya kwanza, na sina mtu mwingine wa kumwandikia. Nikimwambia Mama atapiga mayowe mpaka majirani waje. Wewe umekuwa nesi miaka ishirini na tatu. Soma taratibu, na tafadhali usinihukumu kabla hujafika mwisho.

Unazijua zahanati hizi zilivyo: nesi mmoja, chumba cha dawa mbele, chumba cha kulala nyuma, daktari yuko upande wa pili wa simu. Huu ni mwaka wangu wa tatu. Wananiita Mkuu, ingawa sina hata mfagizi wa kumkaripia. Mwaka wa kwanza walikuja, wakachukua dawa, wakaondoka, kana kwamba mimi ni mpangaji tu. Siwalaumu. Mimi ni nesi wa sita hapa. Watano walionitangulia walipita katika miaka tisa, na kila mmoja alipoondoka walimpikia keki za mchele, wakampungia mkono, kisha wakarudi kwenye ukumbi wa kijiji kumsema.

Mwaka wa pili mambo yakaanza kulegea. Nikawa naamka nakuta mtungi wa kabichi ya kimchi mlangoni. Mabibi wakaanza kuja kupimwa presha hata kama walipimwa jana, wakae, wasimuliane. Na mwezi huu, Jumatatu, Mama Cheol-gyu akaja na aproni ya kuchumia, ile yenye mfuko mkubwa mbele. Huyo ndiye mwenyekiti wa wanawake wa kijiji, mwenye sauti ya kufukuza nguruwe-mwitu. Alinifunga ile aproni kiunoni bila kuniuliza.

"Kesho tunapanda mlimani, Mkuu. Na usije na vile viatu vyako vya mjini, tutakubeba wewe badala ya majani."

Pengine hujui maana yake, maana uliondoka mdogo. Mahali inapoota saumu ya mlimani huku hapaambiwi mtu ovyo. Hata mkwe haonyeshwi mpaka azae. Mimi sijaolewa wala sijazaa, nami nikafungwa aproni. Nilisimama mbele ya kioo cha kabati la dawa nikajitazama kama mwali.

Jioni ile ile nilikuwa nimeletewa fomu na ofisi ya wilaya. Wanauliza manesi wa vijijini kama wameridhika na kazi na mahali wanapoishi, maswali arobaini, unajibu kwa namba kuanzia moja hadi tano. Swali la thelathini na tisa linasema: Je, unajiona kuwa mmoja wa watu wa jamii unayoihudumia? Nikaandika tano, kwa kalamu ya wino, nikaikandamiza. Swali la mwisho linauliza kama ungependa kuhamishwa. Nilisinzia kabla sijalijibu.

Sasa nikueleze Jumanne.

Tulipanda wanawake saba, mapema, umande bado mzito. Bibi Mal-lye alikuwa mbele. Ana miaka sabini na sita, macho yake yameharibika kwa mtoto wa jicho, lakini mlimani anatembea kuliko sisi sote. Mama Cheol-gyu alinionyesha jani moja, akanipa ninuse. Likinukia kitunguu saumu ni lenyewe, alisema. Akaniambia nijihadhari na bakse, maana linafanana nalo na ni sumu, kisha akaitwa huku na huku, na mimi nikaanza kuchuma.

Mwanzoni nilinusa kila jani. Wenzangu mifuko ya aproni ilikuwa inajaa, yangu imelala tumboni kama ngozi. Wakaanza kunitania.

"Mkuu anayaandikia majani cheti!"

"Mwacheni, anayapima presha kwanza!"

Nikaona haya. Nikaongeza mwendo. Nikashuka kwenye bonde dogo lenye unyevu, nikakuta majani makubwa, mazuri, ya kijani kibichi, nikachuma kwa mikono miwili. Nilinusa, ndiyo, nilinusa. Yalinukia saumu. Mama Mdogo, mikono yangu yote ilikuwa inanukia saumu! Hata jiwe ningeliokota lingenukia. Jambo hilo sikuliwaza hata kidogo, mimi niliyesoma miaka yote ile.

Tuliporudi ukumbini kila mmoja alimwaga yake kwenye beseni moja kubwa. Ndivyo wanavyofanya, wanachanganya kwanza kisha wanagawana sawa, ili aliyepata kidogo asisikitike. Wakaosha, wakaweka nyama ya nguruwe jikoni. Mimi nikaitwa kwenda kumfunga kidonda Bwana Heo, mwenyekiti wa kijiji, aliyejikata kwa mundu. Nilikawia kama saa moja.

Niliporudi, Mama Cheol-gyu alikuwa ameshanifungia tonge langu: jani, wali, nyama, rojo ya soya juu yake. Aliniletea mpaka mdomoni, kama wanavyomlisha mtu wa kwao. Nikafungua mdomo. Hapo nikasikia kijiko kimeanguka. Bibi Gap-sun, mdogo kuliko wote kwa umbo, ana miaka sabini na minane, alikuwa ameshika shavu lake.

"Ulimi wangu," alisema, "si wangu huu. Nani kanibadilishia ulimi?"

Wakacheka. Mimi sikucheka. Alitapika kabla kicheko hakijaisha, kisha Mama Cheol-gyu naye, kisha wengine wawili. Hao watatu walitapika, wakalala, wakapata nafuu. Bibi Gap-sun akazidi kuwa baridi. Mapigo yake nilihesabu thelathini na nane kwa dakika. Presha nilipima mara ya kwanza sikusikia kitu, mara ya pili sikusikia kitu. Nikakumbuka kwamba dawa ya kushusha presha anayomeza kila asubuhi nampa mimi, na bakse nalo hushusha presha na kupunguza mapigo. Vitu viwili vinamvuta upande mmoja, na vyote viwili vimetoka kwangu. Wakati ule nilijua kimoja tu.

Daktari alinielekeza kwa simu. Nikamtundika dripu, nikampiga sindano ya atropini ya kupandisha mapigo kutoka sanduku la dharura, tukampakia kwenye pikapu ya Bwana Heo. Nilikaa nyuma naye nikiinua miguu yake kwa mabega yangu, dakika hamsini mpaka hospitali ya mjini. Kutwa nzima nilikuwa jasiri. Hofu bado ilikuwa haijanikuta.

Ilinikuta jana, Jumatano. Kulipokucha nilikuta kuku jike amefungwa mlangoni, zawadi ya kijiji kwa sababu nimemwokoa Gap-sun. Nikacheka peke yangu. Nikachukua aproni nikaifue, nikaugeuza mfuko nje. Chini kabisa, kwenye mshono, jani moja lilikuwa limeganda. Nikalifungua kidoleni. Lina mikunjo, Mama Mdogo. Lina mikunjo tangu kwenye kikonyo mpaka kwenye ncha, na chini yake lina vinyweleo. Saumu ya mlimani haina mikunjo. Nililinganisha na kitabu cha mimea mara sita.

Nilikaa sakafuni karibu na karo, yule kuku akinitazama.

Adhuhuri Mama Cheol-gyu akaja, bado uso wa kijivu kwa kutapika, akanipa habari kana kwamba ananitua mzigo. Wameshamjua aliyekosea. Ni Mal-lye. "Macho yale! Tulisema tangu mwaka juzi asipande, hakutusikiliza, masikini." Walikuwa wamekwenda kwake na kumnyang'anya aproni. Ukinyang'anywa aproni huku, mlima umefungiwa, na ukumbini unakalishwa karibu na mlango. Bibi Mal-lye hakubisha. Alisema, "Basi, ni mimi," akaifungua mwenyewe akawapa.

Na mimi nilisimama pale, jani liko mfukoni mwa sare yangu, nikasema, "Poleni."

Poleni tu, Mama Mdogo. Sikusema zaidi.

Nikisema ukweli, nani ataleta mkono wake nimpige sindano? Nani atameza kidonge nilichompimia, mimi nisiyeweza kutofautisha mboga na sumu? Watabaki na presha zao na sukari zao bila kwenda popote, maana basi la mjini ni mara mbili kwa siku na magoti yao hayapandi. Leseni yangu nayo inaweza kwenda. Na nisiposema, bibi wa miaka sabini na sita atakaa karibu na mlango mpaka afe. Isitoshe Gap-sun hajaamka sawasawa. Simu ya asubuhi ilisema mapigo yanapanda na kushuka. Akifa je? Nitamwua mara moja kwa jani, na mara ya pili kwa kunyamaza.

Leo ni siku ya wauguzi duniani. Redio imetupongeza asubuhi. Nasikia gari kwenye daraja, huenda ni Bwana Heo anatoka hospitali. Naacha hapa.

Jumamosi, tarehe 14

Gap-sun ameamka! Amewatukana wahudumu kwa uji wasioutia chumvi. Mapigo sitini. Nililia kwenye chumba cha dawa, mlango nimeufunga kwa komeo.

Nilidhani akiamka hofu yangu itapungua. Imegeuka tu. Kabla ya hapo nilimwogopea yeye, sasa najiogopea mwenyewe, na hii inaumiza zaidi kwa sababu ni ya aibu.

Leo mchana nilikwenda kwa Bibi Mal-lye. Nilibeba mashine ya presha ili nionekane nina shughuli. Alikuwa barazani kwake akichambua maharage kwa vidole, uso ameuinua juu kama anasikiliza redio, na redio hakuna.

Nikaanza kusema. Nilikuwa nimeipanga hotuba tangu asubuhi, ikanitoka vipande vipande. Hakuniacha nimalize.

"Unadhani sijui?"

"Unajua nini, bibi?"

"Mwanangu, mimi sijaangalia jani mwaka wa saba huu. Nalishika. Bakse lina mikunjo kama sketi ya mwanafunzi. Nitalikosaje? Wale wengine wanachuma tangu wana meno ya utoto. Siku ile mgeni alikuwa mmoja tu, na alikuwa anakimbia kimbia bondeni kama mbuzi."

Nikamuuliza kwa nini basi alikubali. Akaendelea na maharage.

"Nesi wa kwanza alilia mwezi mzima akaondoka. Wa pili akaolewa. Wa tatu alisema huku kunanuka. Wa nne sikumbuki hata sura. Wa tano alikuwa mzuri, wakamwita mjini. Mimi wakininyima mlima nitanuna, basi. Wewe ukienda, hapo patatiwa kufuli. Kidonda cha mguu wangu huu nani atakifunga, Cheol-gyu?" Cheol-gyu ni mtoto wa yule mwenyekiti wa wanawake, fundi wa trekta, mikono yake mizito. "Kwa hiyo nyamaza, Mkuu. Nimeshameza mimi, wewe unatapika nini?"

Nilimpima presha. Ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Nilirudi nyumbani nikiwa na woga zaidi ya nilivyokwenda. Ungedhani ningefurahi kwamba mtu ananipenda kiasi hicho. Lakini niliona miaka yangu yote iliyobaki hapa: kimchi mlangoni, aproni kila Mei, matonge ya kulishwa, na pale karibu na mlango bibi mmoja asiyeona vizuri, amekaa kwenye nafasi yangu. Nisingeweza kumeza hata tonge moja.

Unakumbuka ulichoniandikia mwaka nilioanza chuo? Nilikuuliza kama umeridhika huko, ukajibu kwa mstari mmoja: kazi ninayo, kijiji sina. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sikuelewa. Sasa mimi ninacho kijiji, tangu Jumatatu ile ya aproni, na kesho huenda nikakipoteza. Kesho baada ya chakula cha mchana wanawake wanakutana ukumbini. Nitakwenda. Nimeandika hapa ili nisirudi nyuma, maana wewe utasoma.

Alhamisi, tarehe 19

Samahani, siku tano zimepita sijashika kalamu.

Jumapili nilikwenda. Nilimchukua yule kuku kwapani, maana sikuweza kusimama mbele yao nikiwa na zawadi yao nyumbani. Kwa hiyo nilikiri makosa makubwa kuliko yote ya maisha yangu nikiwa nimembana kuku, naye akipiga kelele kila nilipofika penye neno gumu. Nililiweka lile jani mezani. Nilisema ni la mfuko wangu. Nilisema Bibi Mal-lye hakukosa. Nilisema nimeshapiga simu kwa msimamizi wa wilaya na kumweleza, na ni kweli, nilimpigia asubuhi ile nyumbani kwake. Akasema ataniandikia.

Walikuwepo wanawake kumi na mmoja. Mama Cheol-gyu alilishika jani, akapitisha kidole, akalirudisha mezani.

"Kwa hiyo," alisema, "ulitulisha sumu, kisha ukatutibu, kisha tukakuletea kuku."

"Ndiyo, mama."

"Na Jumatano nilipokuja kwako nikamsema Mal-lye, jani hili lilikuwa wapi?"

"Mfukoni mwangu."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Naamini sumu angenisamehe pale pale. Hiyo poleni yangu ndiyo iliyomchoma. Aliinuka, akatoa aproni ya Mal-lye kabatini, akamrushia mapajani. "Chukua." Bibi Mal-lye hakushukuru. Alinigeukia mimi, macho yale meupe, akasema, "Mjinga wewe," na ilikuwa sauti ya mtu aliyepoteza kitu.

Nikamweka kuku chini nikaondoka.

Jumatatu hakuja mtu. Nilifungua mlango saa mbili, nikapanga kadi, nikakaa. Jumanne hakuja mtu, na Jumanne ni siku ya mabibi wa sukari. Nilisikia mafimbo yao njiani, yakafika getini, yakapita. Nilijua Bibi fulani vidonge vyake vimeisha jana, nikahesabu saa. Niliwatilia dawa kwenye bahasha zenye majina, nikazitundika nje getini ili wasilazimike kuniona. Jioni zilikuwa zimechukuliwa zote isipokuwa mbili. Sikujua kama wanazimeza au wanazitupa. Hiyo ndiyo hofu mpya, Mama Mdogo, na inatisha kuliko zile za kwanza, kwa sababu hakuna sindano yake.

Jana ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa Buddha, wote wakapanda hekaluni na taa zao za karatasi. Nilikaa ndani nikakunja nguo. Nilikunja hata za baridi. Jana hiyo hiyo Gap-sun aliletwa kutoka hospitali, nikaona pikapu ikipita bila kusimama.

Leo asubuhi geti likalia. Bibi Gap-sun, peke yake, na fimbo yake, na kitambaa kilichofungwa fundo. Amekonda, shingo imekuwa ya kitoto. Nikainuka nikataka kuinama mpaka chini kumwomba radhi, akanigonga begani kwa fimbo.

"Kaa. Fumba macho."

"Bibi, tafadhali, tuanze na presha."

"Presha ipo, haijaenda popote. Fumba!"

Nikafumba. Nikasikia fundo linafunguliwa. Akanishika mkono, akaniwekea jani moja kiganjani, na jingine kiganja cha pili. Yote mawili yalinukia saumu, maana bibi alikuwa ameyasugua kwa saumu.

"Mal-lye kanichumia," alisema. "Lipi naweza kula?"

Nilisema sitaki. Nilisema hili si jambo la mchezo, moyo wako bado dhaifu. Niliisikia pumzi yake tu, inasubiri. Nikapitisha kidole gumba upande wa kushoto. Mikunjo. Vinyweleo chini, kidogo kidogo. Nikapitisha upande wa kulia. Laini, laini kabisa, mpaka kwenye kikonyo. Nikarudia kushoto. Nikarudia kulia. Jasho lilinitoka mpaka nikaogopa kwamba jasho lenyewe litanidanganya.

"Hili," nikasema, nikainua mkono wa kulia.

Jani likachukuliwa. Nilipofungua macho lilikuwa limeshaingia mdomoni mwake. Hakulitazama. Alikuwa ananitazama mimi, na anatafuna.

Niliruka, Mama Mdogo. Nilijua nimechagua sawa na bado niliruka kumfungua taya, nikamshika kidevu kama mtoto aliyemeza sarafu. Alibana midomo, akatafuna mpaka mwisho, akameza, akanionyesha ulimi mtupu. Kisha akapandisha mkono wa nguo.

"Haya. Pima sasa."

Nilipima mara tatu. Sikumruhusu kuondoka. Nilimlaza kitandani, nikakaa karibu nimeshika kifundo chake cha mkono, nikahesabu mapigo kila baada ya dakika tano na kuyaandika. Sindano ya atropini niliiweka tayari kwenye trei. Yeye alilala usingizi na kukoroma. Sijawahi kuogopa vile, hata ndani ya pikapu.

Baada ya saa mbili nilichungulia dirishani. Walikuwa wamesimama nje ya geti, Mama Cheol-gyu na wengine sita, kila mmoja na kadi yake ya zahanati mkononi. Sijui walikuwa wamesimama tangu lini. Mama Cheol-gyu akaingia wa kwanza, bila salamu.

"Bado anapumua?"

"Anapumua, mama."

"Basi nipime na mimi. Na usidhani nimekusamehe."

Ndipo hapo nilipo. Msimamizi bado hajaandika. Huenda nitaachiwa kazi, huenda nitaondolewa, barua yake nitaisoma nikiwa nimesimama. Kuku yuko uani mwa ukumbi, hakuna anayesema ni wake, ila leo nimesikia ametaga. Ile fomu bado iko mezani. Ile tano ya wino haifutiki, na swali la mwisho bado liko wazi. Nililisoma tena mchana huu, nikaona jibu langu haliingii kwenye namba: sitaki kuhamishwa, na kila asubuhi nitakayofungua mlango huu nitakuwa naogopa. Nitaandika hivyo hivyo pembeni, wao watajua watakavyohesabu.

Niambie kitu kimoja, na usinipe jibu la kunibembeleza. Wewe huko uliwahi kukosea hivi? Na kesho yake ulipata wapi mkono wa kushika sindano? Hujawahi kuniandikia juu ya hilo, na zamani nilidhani ni kwa sababu halikutokea.

Msalimie sana Baba Mdogo Helmut, na Jutta umbusu kwa niaba yangu. Mama anakusalimu, Mjomba Byeong-ho wa Hoengseong naye anauliza utakuja lini kuona kaburi la bibi. Mimi nakuombea goti lako likupeleke unakotaka, na nyumba yako isikose mtu wa kukuuliza umekula nini.

Ni mimi mtoto wa dada yako, nikupendaye hata nikiwa natetemeka,

Gyeong-ran

Nimekuwekea jani moja ndani ya bahasha, kavu. Ni lile la kuliwa. Nimelishika mara nne nikiwa nimefumba macho. Nalo litafika likinukia saumu, utakumbuka nyumbani. Lakini nakuomba, Mama Mdogo, usilile.